Machozi Aliyompelekea Karine

Bibi Yvonne alikuwa kakaa kitini kichwa kimejaa rola, taulo shingoni, macho kwenye kioo, alipouliza kana kwamba anauliza habari za mvua.

"Mumeo mzima?"

"Mzima, Bibi," Josiane alijibu huku akibana rola ya mwisho kisogoni.

"Nilimwona Alhamisi kule Bathurst, kwenye mgahawa ule ulio karibu na kituo cha mafuta. Nikasema, yule si Ghislain wetu? Nikataka kumsalimia, halafu nikaona nisiwaingilie."

Josiane alilisikia neno zima, lakini kilichomchoma ni ile "wa" ndogo katikati yake. Nisiwaingilie. Siyo nisimwingilie.

"Usiwaingilie yeye na nani?"

"Mwanangu, mimi si mtu wa maneno."

Mji mzima wa Tracadie, huko Kanada, hapakuwa na mtu wa maneno kumshinda Bibi Yvonne. Josiane alilijua hilo, na saluni yake ilikuwa inaishi kwa kulijua. Akachukua kopo la dawa ya nywele, akapuliza taratibu, akangoja. Wateja wa aina hii huwabani. Unawanyamazia tu, wanamwagika wenyewe.

"Alikuwa na Karine," Bibi Yvonne akasema. "Karine wa kina Mallet. Labda wamekutana tu, dunia yenyewe ndogo hii. Ila wameshikana mikono juu ya meza. Sikuangalia sana. Nilimaliza supu yangu nikaondoka."

"Ulimaliza supu yote?"

"Supu ya moto haiharakishwi, mwanangu."

Josiane alicheka, maana mwenye saluni sharti acheke. Alimweka Bibi Yvonne chini ya kikaushio, akaenda chumba cha nyuma, akasimama mbele ya rafu ya shampuu na mikono yake miwili ikishika ubao. Alhamisi. Alhamisi Ghislain alirudi nyumbani giza limeingia, akasema barafu imeangusha nyaya za umeme Neguac, wameshinda juu ya nguzo tangu asubuhi. Neguac iko kusini. Bathurst iko magharibi. Hakuna barafu duniani inayomfanya mtu apotee namna hiyo.

Na angekuwa mwanamke mwingine yeyote, pengine angepumua. Lakini Karine. Karine ndiye aliyekuwa wa Ghislain kabla yake, tangu wako shule. Karine ndiye ambaye mama mkwe wake, Mama Alphonsine, mpaka leo picha yake hajaiondoa sebuleni, kwa kisingizio kwamba ni picha ya harusi ya binamu na Karine yumo tu pembeni. Karine ndiye aliyeolewa na mwanamume anayefanya kazi mbali, Alberta, anayeonekana nyumbani kama sikukuu. Na juu ya yote, Karine ana mtoto.

Josiane hakuwa na wake. Mimba mbili zilikuwa zimepita mikononi mwake kama maji. Ya kwanza ilitoka mapema, hata tumbo halijajua. Ya pili ilikuwa imefika miezi mitano, mtoto anacheza, kitanda kimeshanunuliwa. Siku ile alipata uchungu ghafla, akapelekwa hospitali, akalazwa kwa dawa ya usingizi ili asafishwe kizazi, na alipoamka mambo yote yalikuwa yamekwisha. Mama Alphonsine alikuwa kasimama kando ya kitanda, akamwambia, "Ni bora hukuona." Tangu hapo miaka ilipita na mimba haikushika tena. Kila mwezi alijipa moyo, kila mwezi moyo ukamrudia mkononi.

Na Ghislain? Ghislain hakutoa chozi. Siku ile alisimama dirishani, uso mkavu kama ukuta, akamuuliza kama anataka chai. Josiane alimsamehe mambo mengi katika ndoa yao, lakini chai ile hakuwahi kuimeza.

*

Jioni ile hakumuuliza kitu. Wivu una subira ya paka. Alimpakulia, akamtazama anavyokula, akautazama mkono wake wa kulia, mkubwa, wenye sugu za kupanda nguzo, akijiuliza ni upande gani Karine alishika.

"Mbona unaniangalia?" Ghislain aliuliza.

"Mtu haangalii mali yake?"

Akatabasamu, akaendelea kula. Mwanamume asiyejua kwamba kaulizwa swali.

Jumapili, baada ya Misa, walikwenda kwa Mama Alphonsine kama desturi. Nyumba ilinukia kuku na vitunguu. Fricot ilikuwa jikoni, mchuzi mzito wa kuku na viazi na vitonge vya unga, ambao mama mkwe wake aliupika vizuri kiasi kwamba mtu alimchukia kwa shida. Josiane alikuwa anavua buti mlangoni alipoiona chupa ya maziwa ya mtoto mezani.

"Nimemwalika Karine," Mama Alphonsine alisema kutoka jikoni. "Maskini, mume yuko Alberta, mama yake kaenda Montréal. Jumapili mtu ale peke yake na mtoto? Si ubinadamu."

Karine alitokea sebuleni na mwanawe kiunoni. Mtoto mnene, mashavu kama maandazi, jina lake Zacharie. Akasalimia. Josiane akaitikia. Kisha akakiona alichokuwa anakingoja: macho ya Karine yalikwenda kwa Ghislain, yakakaa kidogo, yakauliza kitu, na Ghislain akatikisa kichwa polepole, mara moja. Hapana. Bado.

Bado nini? Mume na mke wana lugha yao ya macho. Wale wawili walikuwa wanaiongea mbele yake kama watu wanaoongea Kiingereza mbele ya bibi asiyekijua.

Mezani Mama Alphonsine alimpakata Zacharie mwenyewe, akamlisha viazi kwa kijiko.

"Mtoto anakula huyu. Ghislain alikuwa hivi hivi. Tazama hata paji la uso."

"Mama," Ghislain alisema.

"Nimesema nini? Watoto wote wana paji la uso." Akamgeukia mkwewe. "Josiane, umekonda. Mwanamke akikonda hivyo mimba itashika wapi?"

"Ndicho tunachokwenda kumuuliza daktari Jumatano, Mama."

Kijiko kikasimama. "Bado mnakwenda Moncton?"

"Tunakwenda."

"Mimi nimezaa sita, na daktari nilimwona siku ya kuzaa tu, tena mara nyingine alichelewa. Mtoto haombwi ofisini. Mungu hana foleni."

"Na wale walioomba kwa Mungu na hawakupata, Mama?"

"Hao waliomba huku wana haraka."

"Mama, acha," Ghislain alisema tena, safari hii kwa sauti ya chini zaidi. "Daktari nimemtafuta mimi. Ukitaka kugomba, gomba na mimi."

Ilikuwa kweli. Kwa muda mrefu Josiane ndiye aliyetaka kwenda kwa daktari wa uzazi, na Ghislain ndiye aliyekuwa akisema tusubiri kidogo. Halafu wiki chache zilizopita alikuja mwenyewe na jina la daktari na siku ya miadi, na Josiane alilala amemkumbatia kwa furaha. Ila sasa, akimwona Karine anavyoinamia sahani yake, masikio yamemwiva, jambo lilianza kujipanga kichwani mwake, na lilipojipanga halikumpendeza hata kidogo.

"Karine," akasema, "Alhamisi ulikuwa wapi?"

Zacharie alipiga meza kwa kiganja.

"Nilikuwa Bathurst," Karine alisema mwishowe.

"Mgahawa wa karibu na kituo cha mafuta. Supu yao nzuri, nasikia."

"Josiane," Ghislain alisema.

"Wewe ulikuwa Neguac. Nyamaza."

Karine aliinuka na chupa ya maziwa mkononi. "Naenda kuipasha moto," akasema, akamtazama Josiane moja kwa moja. "Njoo unisaidie."

*

Jikoni Karine alifungulia maji ya moto, akaishikilia chupa chini ya bomba. Josiane aliufunga mlango kwa mgongo.

"Sema."

"Si unavyofikiri."

"Hujui ninavyofikiri. Ungejua, ungekuwa umeshavaa koti."

Karine alivuta pumzi. "Zacharie hakuja kwa bahati, Josiane. Nilipoteza mimba kabla yake, halafu nikakaa sishiki. Nilikwenda kwa huyo daktari wa Moncton kwa siri, hata mama yangu hajui. Ghislain alisikia kwa mume wangu. Akaja kuniuliza unaanzaje, unasema nini, wanakufanya nini. Nikampa jina. Basi."

"Basi?"

"Basi."

"Kwa hiyo hata daktari wangu umenichagulia wewe." Josiane alicheka kicheko kikavu. "Kwa nini hukuniambia mimi? Mwenye tumbo ni mimi."

"Ungenisikiliza? Tangu ufungue saluni sijakaa kwenye kiti chako hata siku moja. Naogopa utanikata sikio."

Lilikuwa neno la kweli. Josiane akageukia kwingine.

"Na mikono? Kuuliza daktari kunataka mikono?"

Karine alifunga bomba. Aliitikisa chupa, akadondosha maziwa kidogo kwenye kifundo cha mkono wake, akayafuta. Alionekana mtu anayepima neno kama anavyopima maziwa.

"Alikuwa analia," akasema. "Ningefanyaje? Nilimshika mkono kwa sababu alikuwa analia."

"Nani?"

"Ghislain. Analia kila tukizungumza. Mara ya kwanza alilia mpaka mhudumu akatuletea vitambaa bila kuombwa."

Josiane alisikia, ila ilikuwa kama anaambiwa habari za mtu wa mji mwingine. Ghislain hakulia. Ghislain aliuliza chai.

Afadhali angeambiwa walibusiana. Busu angelijua pa kuliweka. Angepiga kelele, angevunja sahani za mama mkwe, angerudi kwao Caraquet kwa siku chache, na dunia ingemwelewa. Lakini machozi? Machozi aliyoyangoja kando ya kitanda cha hospitali, aliyoyatafuta usoni mwa mumewe mwezi baada ya mwezi mpaka akaamini hayapo, kumbe yalikuwepo. Yalikuwa na anwani nyingine tu.

Mlango ulimsukuma mgongoni. Mama Alphonsine akachungulia. "Mnapika maziwa au mnakamua ng'ombe? Mtoto analia."

"Siku hizi kila mtu analia, Mama," Josiane alisema, akapita kwenda kuchukua koti.

*

Gari lilifuata barabara ya pwani. Upande wa kulia ghuba ilikuwa imeganda, nyeupe, na upepo ukifagia theluji juu yake.

"Uliza tu," Ghislain alisema.

"Simamisha gari."

"Hapa?"

"Hapa."

Alisimamisha. Josiane alishuka, akaanza kutembea ukingoni mwa barabara, theluji ikimfika juu ya buti. Alisikia mlango wa pili ukifungwa, kisha hatua nzito nyuma yake.

"Rudi garini, utaganda."

"Nigande. Kaganda mtu kabla yangu kwenye ndoa hii, sikuona akifa."

"Josiane. Hakuna kitu kati yangu na Karine."

"Najua hakuna. Ingekuwa kipo ningejua pa kushika." Akageuka. "Ulimpenda."

"Nilimpenda nikiwa na miaka kumi na tisa na nywele mpaka mabegani."

"Na sasa?"

"Sasa sina nywele."

Wakati mwingine wowote angecheka. "Ulilia mbele yake. Mimi mkeo hujawahi kunionyesha hata jicho jekundu. Nimelala na wewe kitanda kimoja, nimezika watoto wawili moyoni mwangu peke yangu, nikidhani wewe umepona. Nilikuonea uchungu. Nilikuchukia. Kumbe unao uchungu mzima, unaupeleka Bathurst kama mtu anayepeleka nguo kwa dobi."

Ghislain alivua kofia, akaishika mikononi. Upepo ulimpiga kipara nacho kikawa chekundu.

"Ulipoamka pale hospitali," akasema, "kitu cha kwanza ulinitazama usoni. Ulitaka usome usoni mwangu kama mtoto yupo. Nikajua uso huu ukivunjika na wewe unavunjika. Kabla hujaamka Mama alikuwa ameniambia, simama, mwanamume ni nguzo ya nyumba. Nikasimama. Baadaye sikujua namna ya kukaa tena. Siku zikapita. Kila nilipotaka kusema, nikaona wewe umeshaanza kucheka kidogo, nikasema nisikurudishe kule."

"Niliolewa na nguzo?" Josiane alisema. "Nguzo unazipanda huko kazini. Nyumbani nilitaka mtu."

Ghislain alikung'uta theluji kwenye kofia.

"Karine anajua nini nisichokijua? Nataka vyote. Leo, hapa. Sitaki siku nyingine nikisikie kwa Bibi Yvonne."

Ghislain aliigeuza kofia mikononi.

"Nilikwenda kupimwa peke yangu, kabla ya Krismasi. Nikaambiwa niko sawa. Sikukwambia kwa sababu..."

"Kwa sababu ukiwa sawa wewe, mbovu ni mimi."

"Sikutaka ulisikie hivyo."

"Lakini Karine alilisikia. Akakaa mezani leo akijua, mama yako akinihesabia mbavu." Akamsogelea. "Na nini tena? Kuna kingine. Nakuona."

Ghislain aliangalia ghuba. "Nilimwona," akasema.

"Nani?"

"Mtoto wetu. Ulipokuwa umelala. Muuguzi aliniuliza kama nataka, nikasema ndiyo. Alikuwa msichana, Josiane. Kadogo, kamefunikwa kitambaa. Nilimshika. Alikuwa na kidevu chako, hiki chenye shimo. Mama akaniambia nisikwambie kamwe, utarukwa na akili. Na mimi nikamsikiliza mama yangu. Nimebeba kidevu kile tangu siku hiyo, sikuwa na wa kumwambia ila Karine, na mwenye kidevu nalala naye."

Josiane hakujua amekaa lini juu ya theluji. Aliona tu kwamba magoti ya suruali ya Ghislain yako mbele ya macho yake, kisha uso wake, kisha uso ule ukavunjika, ule uso mkavu wa dirishani, ukavunjika wote kwa mara moja kama barafu ya mwezi wa nne, na sauti iliyotoka humo hakuwahi kuisikia katika ndoa yao yote.

Alimwonea huruma. Na katikati ya huruma ile, wivu ulikuwa bado umekaa kitako, haujaondoka. Mtu mwingine alikuwa amekisikia kidevu cha mwanawe kabla yake.

"Alikuwa na nywele?" aliuliza.

"Kidogo. Kama vumbi."

"Karine ulimwambia hizo nywele?"

"Hapana. Hakuniuliza."

"Basi hizo zangu," Josiane alisema, akamvuta kichwa, akamfunika kipara kwa mikono yake miwili iliyoganda. Walikaa hivyo mpaka gari moja likapunguza mwendo kuuliza kama wamepata ajali. Ghislain aliinua mkono kuonyesha kwamba wako salama.

*

Jumatano, Moncton. Sebule ya kungojea ilikuwa na wanawake wenye matumbo ya kila ukubwa, maana daktari yule yule aliwatibu wanaotafuta na waliopata. Josiane alimwonea wivu kila mmoja wao. Mmoja alikuwa anajipapasa tumbo huku anasoma gazeti, bila hata kuliangalia tumbo lenyewe, kama mtu mwenye pesa nyingi anavyozitia mfukoni.

"Acha kuwaangalia hivyo," Ghislain alinong'ona. "Watakimbia."

"Wakimbie. Tubaki na daktari sisi."

Daktari Arsenault alikuwa mwanamke mnene wa makamo, sauti ya taratibu, viatu vya raba. Alimsikiliza Josiane mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza maswali aliyokuwa hajaulizwa na mtu. Baada ya kusafishwa kizazi, siku zako zilirudi kama zamani, au zilipungua?

"Zilipungua sana. Mama mkwe alisema ni umri."

"Una miaka thelathini na mbili. Si umri." Akamgeukia Ghislain. "Na wewe? Unalalaje? Hasara ile ilikuwa ya wawili."

Josiane alimtazama mumewe. Huyu naye ni mwanamke, huyu naye kauliza. Ghislain akageuka kabisa kwenye kiti mpaka mgongo wake ukawa kwa daktari, akamjibu Josiane.

"Vibaya," akamwambia. "Nalala vibaya. Naota namtafuta mtoto wetu, sioni alipowekwa."

Daktari aliwaacha wakae hivyo. Hakuandika kitu.

Kisha akaeleza. Wakati mwingine kizazi kikishasafishwa, kuta zake zinapona vibaya, zinaota makovu, kama kidonda kinachoshikana na nguo. Mimba inakuja kutafuta pa kukaa, haipati. Si kosa la aliyesafisha wala la aliyesafishwa. Ataingiza kamera nyembamba aangalie. Akiyakuta makovu atayakata papo hapo. Sitawaahidi mtoto, akasema. Naahidi kuangalia vizuri.

"Kwa hiyo mimi si mbovu," Josiane alisema.

"Mama, wewe una kovu. Mwenye kovu si mbovu. Ni mtu aliyeumia."

*

Siku ya operesheni theluji ilikuwa imeshayeyuka na barabara zote zina matope. Mama Alphonsine alikuja nao Moncton bila kualikwa, na mkoba wa rozari na chupa ya supu. Njia nzima alikaa kiti cha nyuma akisema kwamba yeye hapingi, anaangalia tu. Tangu Ghislain alipomwambia kwamba Josiane anajua habari za mtoto, hakuwa ametaja tena foleni ya Mungu. Ila kuomba radhi hakuomba. Nyumba ile hapakuwa na mtu aliyemfundisha.

Karine alikuwa amepiga simu asubuhi kumtakia heri. Josiane aliipokea mwenyewe. Alimshukuru, na akamwambia akiwa tayari aje saluni, nywele zake zimeharibika nyuma na mtu anayempenda angekuwa ameshamwambia. Karine alicheka, akasema atakuja, ila mkasi aushike mtu mwingine.

Walipokuwa wanamsogeza kitanda kuelekea chumba cha operesheni, Josiane alimshika Ghislain ukosi wa shati.

"Sikiliza. Safari ile niliamka, kila mtu anajua, mimi peke yangu sijui. Mama yako alijua, wewe ulijua, muuguzi alijua. Baadaye Karine akajua. Leo daktari akitoka, lolote atakalosema, jema au baya, mtu wa kwanza kuambiwa ni mimi. Nikiwa nimelala, ningoje."

"Nitakungoja."

"Hata mama yako usimwambie."

Ghislain aliangalia mwisho wa ukumbi, mama yake alipokuwa anagombana na mashine ya kahawa.

"Hata mama," akasema.

Dawa ya usingizi ilimchukua katikati ya kuhesabu.

Alipoamka kulikuwa na mwanga wa mchana dirishani na kinywa chake kikavu. Kitu cha kwanza, akautafuta uso. Ulikuwa pale, karibu mno, macho mekundu, pua nyekundu, machozi yanashuka mpaka kidevuni na mwenyewe hayafuti. Simu iliyokuwa kwenye meza ndogo ilikuwa inatetemeka, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Nani huyo?" Josiane aliuliza kwa sauti ya mikwaruzo.

"Mama. Yuko nje ya mlango. Daktari alitoka zamani, Mama akamwona ananiambia, tangu hapo ananiuliza kasema nini. Nimemwambia sisemi. Ameninunia. Amesema hajazaa mtoto wa hivi."

"Na Karine?"

"Kapiga. Sikupokea." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Sijamwambia mtu, Josiane. Nimekungoja wewe."

"Sema basi."

"Yalikuwepo makovu. Mengi, upande mmoja wote. Ameyatoa. Amesema kizazi sasa kiko wazi, chekundu, kizuri. Kasema amekiona chote na hakuna kilichoharibika. Tupumzike kidogo, halafu tujaribu." Akaubana mkono wake. "Kasema angekuwa wewe, angejaribu."

Josiane alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, naye hakujali. Nje ya mlango buti za Mama Alphonsine zilikuwa zinapita kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kisha zikasimama, kisha mlango ukagongwa kwa ncha ya kidole, jambo ambalo mama yule hakuwahi kulifanya mbele ya mlango wowote.

Ghislain aliinuka nusu. "Nimfungulie?"

Josiane alimvuta akakaa. Akamfuta shavu moja kwa kidole gumba, la pili akaliacha na chozi lake, akaliangalia: chozi hili lilikuwa lake yeye.

"Atangoja kidogo," akasema. "Niambie tena, mwanzo mpaka mwisho. Polepole."